Neno Lililolala Kifudifudi

Kila asubuhi Hasnae alikunywa chai ya mnanaa peke yake. Mama alikuwa amekwisha kwenda kiwandani kushona mashati, na kikombe chake kilikuwa kimepoa mezani. Hasnae, msichana wa miaka kumi na mitatu, alichovya mkate katika mafuta ya zeituni kwa mkono mmoja na kuchora kwa mkono wa pili. Tangu rafiki yake Oumaima ahamie mji wa Tanja, hakuwa na mwenzi mwingine ila karatasi.

Shuleni, katika mji mkongwe wa Fez, wenzake walimwita Bi Rula.

"Bi Rula, mkate wako umeshaupima kwa bikari?" Zoubair alimuuliza siku moja, darasa likacheka. Hasnae alitamani kucheka nao, lakini hakujua aanzie wapi.

Mwaka ule shule ilijenga bomba jipya la maji ya kunywa, na mchoro wa Hasnae ukachaguliwa kupamba ukuta wake. Ulikuwa neno "maji" kwa herufi za Kiarabu zenye pembe, buluu juu ya nyeupe, lote kwa vigae vya mraba vidogo kama kiganja cha mtoto. Ustadha Lamyae, mwalimu wa sanaa, alitaka wanafunzi watatu wasaidiane kuvipanga. Zoubair na Kawtar walinyoosha mikono.

"Nitapanga mwenyewe," alisema Hasnae. "Hawa wataniharibia."

Kawtar aliushusha mkono wake polepole.

Basi kwa siku nne, kila baada ya masomo, Hasnae alipiga magoti katika karakana ya Fundi Bouchta, mzee wa vigae. Huko vigae hupangwa kifudifudi, uso wenye rangi chini, mgongo wa udongo juu. Rangi haionekani mpaka saruji imwagwe juu yake, ikauke, na ubao wa vigae vilivyoshikana uinuliwe. Fundi alipita akatazama ile migongo iliyofanana yote, akasema, "Mistari yako imenyooka, binti yangu." Hasnae aliibeba sifa ile hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Jumanne vigae vilikwisha. Saruji ingemwagwa kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Jumatano mchana Hasnae alikula dengu peke yake, kisha akauinua mchoro dirishani. Bila kujua, alikuwa ameushika kinyume, mgongo ukimtazama. Karatasi ilikuwa nyembamba, jua likaipenya, na neno likaonekana limegeuka.

Ndipo alipotambua. Anayepanga kifudifudi hufuata mchoro uliogeuzwa, ili ubao ukiinuliwa neno likae sawa. Yeye alikuwa ameufuata kama ulivyo. Neno lake lingeinuka kinyume mbele ya shule nzima.

Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, na kosa likionekana, aseme ni la fundi. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Nyumba ilikuwa kimya, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwishowe akavaa viatu.

Alimkuta fundi akikoroga saruji.

"Fundi, subiri kidogo."

"Saruji haisubiri. Kuna nini?"

"Neno liko kinyume. Nilisahau kuugeuza mchoro. Kosa ni langu."

Fundi aligeuza kigae kimoja, cha pili, cha tatu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nami nilipaswa kukuuliza," alisema. "Saruji hii nitazibia ufa wa ukuta, nikoroge nyingine. Lakini ubao unachukuliwa Jumamosi, kwa hiyo lazima tumwage leo kabla ya magharibi. Ni vigae mia tatu. Mikono yako haitoshi, na macho yangu yamechoka. Huna wenzako?"

Swali hili lilimwelemea Hasnae kuliko kosa lenyewe.

"Wapo. Niliwafukuza."

"Basi kawaambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Aliwakuta Zoubair na Kawtar kwenye tanuri la mtaa, wakisubiri mikate ya nyumbani kwao iive. Aliwaeleza yote.

"Kwa hiyo maji yangetiririka kurudi bombani?" Zoubair aliuliza. "Hiyo ningelipa kuiona."

"Ulisema tutakuharibia," alisema Kawtar.

"Nilisema. Nimeharibu mwenyewe."

Kawtar akamwambia mwoka mikate, "Ami, tuwekee yetu, tutaifuata baadaye."

Kawtar alisoma rangi kutoka kwenye mchoro uliogeuzwa, Zoubair akachagua vigae, kisha yeye na Hasnae wakavipanga. Saruji ilimwagwa jua likiwa bado juu ya kuta.

Jumamosi wanaume wawili waliuinua ubao. Neno lilisomeka sawasawa. Kigae kimoja, kazi ya haraka ya Zoubair, kilikuwa kimeinama kidogo. Hasnae alikiona, akakiacha.

Wenzake walipokuwa wakigusa vigae, Fundi Bouchta alimvuta kando.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nami nilipanga kinyume," alisema. "Nilijua kabla ya saruji, nikanyamaza. Ubao ule upo mpaka leo katika ukuta wa nyumba ya watu, kwenye kichochoro kinachokwenda msikitini. Wewe umesema mapema, kosa lako likakugharimu alasiri moja. Mimi, kila Ijumaa kwa miaka arubaini, huzunguka kwa njia ya mbali."