Kavugho Akataa Kuchinja Mbuzi

Kavugho aliuza maharage ya mbegu huko Vulamba, mjini Butembo. Kila mwaka, kabla ya mvua za kupanda, wakulima walikuja kubisha mlangoni kwake. Lakini mbegu haichagui mahali pa kuota. Ikipata maji, huota hata ndani ya gunia. Mwaka jana paa la zamani lilivuja, na magunia manne yakachipua sebuleni. Kavugho alilia siku mbili. Siku ya tatu alifuta macho, akaanza kujenga stoo.

Kuta zilipokwisha, hakutafuta fundi wa paa. Angethubutuje? Maliro, mdogo wa mume wake, alikuwa fundi, na kwao ndugu akiwepo, mgeni hapandi juu ya nyumba. Mume wake, Éphraïm, alikuwa Mabalako kwenye shamba la kakao. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Maliro."

Maliro alifanya kazi siku mbili huku akipiga mluzi. Aliposhuka, mabati matano yalikuwa yamebaki. Butembo wanayaita manjanja.

"Angalia, shemeki! Nimekubakishia manjanja tano!"

Mama mkwe wa Kavugho, Jokébed, alipiga makofi. "Mutoto wangu! Mafundi bengine banaiba manjanja. Yeye anabakisha!"

Kavugho naye alifurahi, tusimfiche. Siku hiyo hiyo alinunua mbuzi. Katika ukoo ule kazi ya paa hufungwa kwa nyama. Fundi anakula, ndugu wanakula, wote wanasifu. Nyama ikishaliwa, hakuna tena ruhusa ya kulaumu. Paa likivuja, unavujiwa kimya kimya.

Kesho yake asubuhi alipita Halima, mwenye duka la misumari na mabati. Ndiye aliyemuuzia Kavugho yale manjanja. Alisalimu, kisha akayakazia macho yale matano yaliyoegemezwa ukutani, akamwita Kavugho kwa jina la mtoto wake.

"Mama Bénite, hii inatoka wapi?"

"Ilibaki. Fundi anajua kazi."

Halima hakucheka. "Tulipima hii nyumba na kamba, mimi na wewe. Tulipata manjanja thelathini na sita. Haiwezi kubaki tano. Leta ngazi."

Kavugho alifunga kitenge vizuri, akapanda mwenyewe. Halima alibaki chini akiuliza juu ya migongo, yaani matuta ya bati, na mifereji iliyo kati yake.

"Manjanja moja inalalia ingine migongo ngapi?"

"Nusu ya mugongo tu."

"Iko mubaya. Inaomba migongo mbili. Na ile ya juu inaomba kulalia ya chini shubiri moja. Ndiyo maana ile tano yako imebaki! Misumari iko wapi?"

"Mu mufereji."

"Na mayi ya mvula inapita wapi?"

Kavugho alipapasa tundu la msumari kwa kidole. Kisha akajibu polepole, "Mu mufereji." Hasira ikampanda. "Donc, kumbe amenitobolea njia ya mayi!"

"Musumari unapigwa ku mugongo, na mupira chini ya kichwa yake. Sasa niambie. Ulienda kuona nyumba ingine alifunika mbele ya hii?"

"Hapana. Iko shemeki."

"Ushemeki hauzuie mvula, mama. Fundi unamuchunguza wakati wa mvula. Unaingia mu nyumba alifunika, unaangalia juu, unauliza mwenye nyumba. Kiisha munaandika ku karatasi namna kazi itafanywa. Hata kama iko ndugu. Zaidi kama iko ndugu!"

Saa sita ndugu walifika. Maliro alikuja na kisu, ameshakinoa. Kavugho alisimama mbele ya mbuzi.

"Leo hakuna mbuzi itakufa."

Kavugho alimpa Maliro ndoo ya maji.

"Panda, shemeki. Mwaga mayi kule juu. Tukikuta chini kukavu, nitachinja mimi mwenyewe."

"Unanipatisha haya mbele ya batu? Tunafanyaka hivi siku zote!"

"Muke gani anapima ndugu ya bwana yake?" Jokébed akafoka.

"Ndugu nilimupokea zamani, mama. Paa ndiyo sijapokea."

Kavugho hakusogea. Maliro alipanda kwa hasira, akamwaga. Ananie, baba mdogo wa Maliro, aliyeingia ndani kushuhudia, alitoka akijipangusa kipara.

"Maliro, hii mayi yote inanipiga ku kichwa!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Maliro alitupa nyundo chini. "Basi mutafute fundi mwingine!"

"Nitatafuta, kama wewe umeshindwa," alisema Kavugho. "Umeshindwa?"

Neno hilo lilimchoma. Maliro aliiokota nyundo.

"Usitupe ile manjanja," Halima, aliyekuwa bado pale tangu asubuhi, alimwambia. "Geuza tu. Mufereji utakuwa mugongo, na matundu itakuwa juu, pahali ya musumari."

Maliro aligeuza bati moja, akayahesabu matundu yake kwa kidole. Hakupiga mluzi tena. Alianza upya, kutoka upande usioelekea upepo, ili upepo usifunue kingo za mabati. Kila bati alililaza migongo miwili. Kila tundu lililokosa msumari alilipaka lami. Siku ya tatu manjanja yote thelathini na sita yalikuwa juu. Walimwaga ndoo kumi, na Ananie akatoka na kipara kikavu. Ndipo nyama ikaliwa.

Mvua za kupanda zilianza kwa kishindo mchana mmoja wa Septemba. Kavugho alikuwa stoo, akipapasa gunia moja baada ya lingine. Yote yalikuwa makavu. Mara mlango ukasukumwa. Jokébed aliingia, ameloa chapachapa, gunia la maharage kichwani.

"Uniwekee hapa, binti yangu. Kwangu kunavuja."

"Tangu lini, mama?"

"Miaka sita."

"Nani alikufunikia?"

Jokébed alitazama chini. "Unamujua."

Kavugho alimtua gunia, akamfunika mabegani kwa kitenge kikavu. Alimhurumia, na alikasirika kwa ajili yake.

"Kesho anapanda kwako."

"Atakasirika."

"Akasirike, mama. Lakini akasirikie kule juu, na nyundo mu mukono."