Sauti ya Chiriku

"Ujumbe kutoka kwa Mwekezaji. Mpenzi, yule msichana umeshamwambia?"

Chiriku aliacha pasi juu ya shati la Injinia. Sauti iliyosema hayo ilikuwa yake kabisa, naye hakuwa amefungua mdomo.

"Umesemaje, mwanangu?" aliuliza Mama asiyeona, mzazi wa Injinia. Alikuwa kwenye kochi, simu mapajani.

"Siyo mimi, Mama. Ni simu."

Simu ikaendelea, tamu vilevile: "Jibu lako. Bado, mpenzi. Ngoja uzinduzi wa leo upite, wageni wanataka kumwona jukwaani na Mama. Sauti yake tunayo, mashine inasema chochote bila yeye. Nikishamwambia, tutangaze uchumba wetu."

Chuoni walimpa jina la Chiriku kwa sababu kuongea hakukumchosha. Injinia alipobuni programu ya kuwasomea wasioona ujumbe wao, alimfungia ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie, akamrekodi mpaka koo likamkauka. Alipohitimu alizunguka na vyeti hadi soli zikatoboka, akatengeneza simu za watu kibarazani, akaajiriwa, akaacha, akafungua kampuni. Miaka yote hiyo Chiriku alikuwa ubavuni mwake, akingoja pete.

Simu ile ndiyo waliyoifanyia majaribio ya kwanza, kwa akaunti ya Injinia mwenyewe. Ilikuwa imelala kabatini, na leo Mama aliwashiwa ili aende nayo jukwaani. Injinia wa watu alisahau kuitoa kwenye akaunti yake!

Mlango ukafunguliwa.

"Shati langu tayari? Gari linangoja."

"Limeungua," alisema Chiriku.

"Chiriku! Siku zote hizo, uniunguzie shati leo?"

"Bonyeza irudie, mwanangu," Mama alimwambia Chiriku. "Naye asikie."

Simu ikarudia yote. Injinia akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Mama, hayo ni mambo ya biashara tu."

"Kuitana mpenzi nako ni biashara siku hizi?"

Akamgeukia Chiriku, akamshika mkono. "Nisaidie leo tu, nakuomba. Bila wewe na Mama jukwaani, watauliza maswali."

"Ungeniambia hunitaki, ningelia, nikazoea. Lakini umeniacha kwa mdomo wangu mwenyewe!"

"Nilikupenda, Chiriku. Haki ya Mungu nilikupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma." Akauchomoa mkono wake. "Futa sauti yangu."

Injinia akatazama sakafu. "Siwezi. Hiyo sauti ndiyo kampuni yenyewe."

"Basi nenda nayo," Mama akadakia. "Mimi sipandi jukwaani kuonyeshwa watu. Na huyu haendi popote."

Akaenda peke yake, na shati la jana. Wageni walipiga makofi, wala hakuna aliyeuliza swali. Mwekezaji alikuwa kando yake, pete kidoleni.

Chiriku alihama mtaa, lakini sauti yake haikuhama. Siku moja, kwenye foleni ya duka la dawa, mzee mmoja asiyeona aliiweka simu sikioni na Chiriku akajisikia akimwambia, "Usisahau kula, mume wangu." Akatoka bila dawa.

Kisha Mama akapiga.

"Mwanangu, umenialika harusini."

"Mimi, Mama?"

"Kadi imekuja, simu ikanisomea. Sauti yako. Tena kwa furaha, kama bibi harusi ni wewe."

Chiriku akalia waziwazi, bila kuficha.

"Utakwenda, Mama?"

"Nitakwenda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini ile programu ya kusoma nimeizima."

"Sasa utasomewa na nani?"

"Wala sitaki kusomewa. Njoo ukae na mimi tu."

Chiriku akaenda. Mama akampapasa uso, akayakuta machozi, akayafuta kwa ncha ya khanga yake. Wakakaa wameshikana mikono mpaka giza likaingia sebuleni. Na yule msichana ambaye kuongea hakukumchosha, hakusema hata neno moja.