Taa Nyekundu Mezani kwa Torunn

Zimeni simu zenu, wapendwa, mtege masikio; maana neno hili linamhusu kila aliyewahi kusema hana nafasi.

Asubuhi moja ya mvua, mjini Bergen, Torunn Myklebust, msimamizi wa nyumba za kupanga, alikuwa akila mkate wake wa jibini ya kahawia huku fundi Vidar akifunga mitambo mipya ya simu ofisini.

"Namba ya Bibi Solfrid wa ghorofa ya nne," alisema Torunn, "ipeleke moja kwa moja kwenye kisanduku cha kurekodi ujumbe. Kwangu isilie kabisa."

"Kakukosea nini, bosi?"

"Hita, hita, kila siku hita yake haipashi nyumba joto! Nitamsikiliza nikipata nafasi."

"Haya. Ila hata Mungu hajajiwekea kitufe hiki," Vidar alitania, akakibonyeza.

Ofisi ikatulia. Taa ndogo nyekundu ya ujumbe pekee ilipepesa mezani. Torunn akaifunika kwa kikombe.

Baridi kali iliposhuka, jirani alimkuta Bibi Solfrid kitini, kavaa koti na glavu, amekata roho. Simu ilikuwa mapajani.

Torunn alijifungia ofisini, akausikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine.

"Torunn, mwanangu, hita imezima tena."

"Samahani kwa kukusumbua, mwanangu."

Wa mwisho ulikuwa meno tu, yakigongana. Kisha mnong'ono: "Humu ndani mna nafasi. Karibu."

Torunn alimpigia mumewe. Simu haikuita. Sauti ya bibi ilijibu: "Acha ujumbe, mwanangu."

Akampigia mchungaji. "Acha ujumbe."

Polisi. "Acha ujumbe."

Vidole vikaganda. Kisha mikono. Kisha taya.

Vidar akafungua mlango kwa ufunguo wake. "Bosi? Mbona umekaa tu hivyo?"

Torunn alimlilia kwa nguvu zake zote. Midomo yake haikusogea.

Fundi aliona taa ikipepesa, akainua mkono wa simu, akasikiliza. Uso ukampauka. Kutoka mle simuni Torunn aliisikia sauti yake mwenyewe: "Vidar, niko hapa! Nasikia baridi!"

Vidar aling'oa waya ukutani.

Taa haikuzimika. Torunn yu hai hata leo, amekaa, hasemi. Nayo taa ingali inapepesa.

Ndugu yangu, yupo mtu uliyemnyamazisha ukaendelea na chai yako. Rehema bado inakungoja. Inuka umpigie sasa, midomo yako ingali inasogea.