Kovu Lisilozuiwa na Sindano

Majirani wa Kimisagara, hapa Kigali, leo nataka tuongee habari ya wivu. Atakayenuna na anune, nitasema tu.

Mwaka 1991 nyumba ya Silvère, seremala, ilikuwa na amani. Yeye alipiga randa uani, mkewe Mukagasana akichambua maharage na kuimba nyimbo za kanisani. Kisha presha ya macho ikamwingia mama huyo. Jicho la kushoto lilikufa, na la kulia likaanza kufuata. Hospitalini wakalipasua, wakatoboa kijitundu cha kupunguzia maji ya ndani, halafu wakawa wanamchoma sindano kando ya jicho ili kovu lisikizibe.

"Dawa hii ni kali, mama," daktari alimwambia baadaye. "Inazuia kovu, lakini imekichubua kioo cha jicho lako. Tunasimamisha sindano kipone. Usifungue bandeji, na moshi uukimbie. Ukiumwa zaidi, njoo mbio. Uchafu ukiingia kwenye mchubuko huo, utapofuka."

Basi akarudi nyumbani haoni kitu. Binti yao Joselyne alikuwa ameolewa Butare. Nani apike? Mnatujua sisi: mwanamume akionekana anakoroga chungu, mtaa mzima utamcheka. Silvère akamwomba Liliane, mjane wa jirani aliyekulia Bujumbura, amfundishe kupika kwa siri. Wakawa wanafunga mlango wa jiko. Hata mkewe hakumwambia, kwa haya.

Mukagasana alilala chumbani akisikiliza. Alisikia mlango ukifungwa, kisha minong'ono, kisha kicheko cha Liliane. Wivu ukamwingia.

"Baba Joselyne, nani amepika hiki chakula?"

"Liliane."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napiga randa."

Uongo! Randa ile aliijua mlio wake kuliko sauti ya padri, na siku hiyo haikulia hata kidogo. Akaisukuma sahani. "Ana macho mawili mazima," alilia moyoni, "na bado anamtaka mume wangu!"

Jumamosi moja akamsikia Liliane akisema jikoni, "Sogea, usiogope. Mama Joselyne hatajua."

Ndugu zangu, nani angevumilia? Lakini angeuliza! Badala yake aling'oa bandeji, akapapasa ukuta hadi uani, akausukuma mlango wa jiko. Kuni mbichi zilikuwa zinafuka. Kwa ukungu wa jicho lililochubuka aliona vivuli viwili tu.

"Malaya wewe! Na wewe mzee, huna haya?"

Akawavamia. Mguu ukapiga figa, chungu kikapinduka, jivu likamrukia usoni. Akapiga ukelele.

"Mama Joselyne, bwana yako iko najifunza kupika tu!" Liliane alilia.

Silvère alikuwa amesimama na mwiko mkononi, kitenge cha mkewe kiunoni.

Hata hapo jicho lingeweza kuokolewa. Lakini Mukagasana alikataa kwenda hospitali. "Nitamwambia daktari nini? Kwamba nimefungua kwa wivu?" Akawa analiosha kwa maji na kusaga meno. Silvère alipombeba kwa nguvu hadi hospitali siku ya Jumanne, ule mchubuko ulikuwa umekuwa kidonda kilichooza.

Kilipona, lakini kikaacha kovu jeupe katikati ya kioo. Kijitundu cha daktari kilibaki wazi, presha ikashuka, kila kitu kama kilivyotakiwa. Ila haoni.

Siku hizi Silvère anapika mlango ukiwa wazi, na hakuna anayecheka. Mkewe hukaa kizingitini, uso ameuelekeza kwenye harufu ya maharage.

"Liliane yuko humo?"

"Hayupo, mama. Niko peke yangu."

Na kesho atauliza tena.

FUNZO

Mgonjwa wa macho, dawa inayokusaidia inaweza pia kukuchubua. Shika alichokuambia daktari, na maumivu usiyafiche hata kama yameletwa na aibu yako. Hasira hasara. Uliza kwanza, ukiwa umekaa palepale kitandani.

Na ninyi wanaume, chungu hakimshushi mtu. Silvère angeuacha mlango ule wazi tangu siku ya kwanza, leo mkewe angekuwa anamwona akipika.