Kopo Lililooshwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasoki alikuwa na kazi mbili: kufagia ua na kuwanywesha samaki. Ndivyo majirani wa mtaa wa Mangobo walivyoiita kazi ya pili, kwa kumtania, maana nani asiyejua kwamba samaki hanyweshwi? Kasoki alichota maji ya beseni kwa kikombe, akayamimina katika kopo la mafuta lililotobolewa matundu chini. Ndani ya kopo mlikuwa na changarawe na kipande cha sponji ya godoro. Maji yalipita humo, yakadondokea beseni yakiwa safi. Alimimina vikombe hamsini asubuhi, na rafiki yake Hadidja alikuja kumimina vingine jioni.

Samaki walikuwa saba, wadogo kama kidole, wenye milia myeusi. Walikuwa wa mjomba wake Ezéchiel, aliyemwita tonton, mwalimu wa darasa la sita, ambaye Kasoki aliishi kwake tangu vita ilipofunga njia ya kurudi Butembo kwa wazazi wake. Darasa zima lilijifunza habari za viumbe kwa samaki hao. Lakini mapigano ya siku sita ya mwezi wa Juni yalipasua akwariamu yao ya darasani, lile sanduku la kioo walimokaa, ndipo wakahamishiwa kwenye beseni chini ya meza ya nyumbani. Vioo vilikuwa adimu mjini kuliko sukari. Ilipofika Septemba, papa Alphonse, mzee fundi wa vioo, aliokota vipande vya dirisha la duka lililobomoka, akaunda sanduku jipya.

Jumamosi iliyofuata tonton aliwachukua samaki kwenda nao shuleni. Alimwambia Kasoki amfuate na kopo.

"Utalileta hivi hivi," alisema. "Usiguse kitu ndani."

Kasoki alisikia vizuri. Ila alipofunua kifuniko, aliona aibu. Sponji ilikuwa nyeusi, inateleza, inanuka matope. Wiki mbili kabla, wauguzi walikuwa wamepita shuleni kwa sababu ya kipindupindu. Waligawa chupa za klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa kila nyumba na kufundisha kwamba uchafu ni ugonjwa, na Kasoki ndiye aliyechaguliwa kusimamia usafi wa darasa. Je, yeye huyo apeleke takataka zile kwenye kioo kipya, wenzake wakitazama? Alimwaga klorini kwenye ndoo, akaosha sponji na changarawe, akasuuza mara tatu, akavianika juani. Sponji ikawa nyeupe kama mpya. Alivirudisha ndani ya kopo, akafunika, akaenda zake akitembea kwa maringo.

Darasani, tonton alilitundika kopo juu ya maji mapya, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Mkojo ya samaki inageuka sumu ndani ya maji," aliwaambia wanafunzi waliokuja kusaidia. "Sasa humu ndani ya kopo kuko vijidudu vidogo sana, vinakula ile sumu. Vinachukua wiki nyingi kuzaana. Donc, basi, sisi hatuanzi upya. Tunaleta vya zamani, sawa vile mama wa mikate anaacha unga ya jana ili ya leo ivimbe. Ule uchafu muliona, ndiyo uzima ya samaki."

Kisha akamgeukia Kasoki. "Umelileta hivi hivi?"

Neno moja tu lilihitajika, hapana, na lilikuwa mdomoni.

"Ndiyo, tonton," alijibu.

Jumanne maji yalianza kunuka. Samaki walipanda juu wakihema, mashavu yao yamekuwa mekundu. Jumatano asubuhi mmoja alielea tumbo juu. Mwalimu alikuna kichwa. Kopo ni lile lile, alisema, samaki ni wale wale. Kilichobadilika ni maji. Na maji yaliletwa na Hadidja.

Mama yake Hadidja, mjane kutoka Kindu, alipika sabuni ya mawese na kuiuza sokoni. Mwalimu aliuliza, bila ukali, kama ndoo ile haikuwa ya sabuni. Hadidja alisema hapana. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, lakini akampa mwingine kazi ya kuchota maji. Hilo lilitosha. Kufikia mapumziko watoto walikuwa wameshampa jina: Hadidja Sabuni. Kasoki hakucheka. Hakusema kitu pia, na nafsi ilimsuta siku nzima. Jioni chakula kilimshinda. Tonton akamgusa paji la uso akidhani ana malaria.

Alhamisi samaki wa pili alikufa. Siku hiyo mama yake Hadidja alikuja mwenyewe shuleni, ndoo mkononi, akabisha hodi na kuingia mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, ndoo ya sabuni niliachaka kwangu," alisema taratibu. "Hii ni ya maji ya kunywa ya batoto yangu. Angalia."

Akainua ndoo kwa mikono miwili, akanywa. Maji yalimchuruzika kidevuni mpaka kwenye kanga. Akaiweka chini, akamshukuru mwalimu, akatoka. Hadidja alikuwa ameinamia dawati lake, machozi yanaloanisha daftari.

Kasoki alijua kwamba anapaswa kusimama. Akafungua daftari lake, akabaki ameketi.

Ijumaa mchana samaki wa tatu alikufa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua, na Kasoki alikuwa amechoka kusubiri kilio. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, alisimama ghafla.

"Tonton, si maji," alisema. "Ni mimi. Nilifungua kopo, nikaosha yote na klorini. Niliona haya ya ule uchafu. Na pale uliniuliza, nilidanganya."

Kasoki alingoja kofi, lingekuwa nafuu.

"Bon, basi," alisema tonton. "Sasa tunajua ugonjwa. Twende kwanza kwa Hadidja."

Huko Kasoki alisema tena maneno yale yale, mbele ya mama na binti, akilia. Mama alisikiliza, akamwambia amesikia. Hadidja aliuliza swali moja tu: kwa nini alimwacha aitwe Sabuni?

Jumamosi Kasoki, Hadidja na tonton walivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kuvukia, mpaka Lubunga ng'ambo kwa papa Waziri, mzee aliyefuga samaki katika pipa kwa miaka kumi. Chujio lake halikuwahi kuona sabuni. Aliwakatia nusu ya sponji yake na kuwatilia changarawe kwenye ndoo, vyote vikiwa ndani ya maji ya pipa lile lile ili vijidudu visife njiani. Kwenye kivuko askari walifunua ndoo, wakakunja pua, wakawapungia mkono wapite. Kasoki aliubeba uchafu ule kwa mikono miwili, kama yai.

Walijaza kopo upya. Tangu siku hiyo hawakuwapa samaki chakula kingi, na kila siku walibadilisha theluthi ya maji. Hadidja ndiye aliyeyachota, kwa ndoo ya mama yake. Kufikia Jumatatu harufu ilikuwa imepungua, na samaki wanne waliobaki walikuwa wameshuka chini, wanatafutatafuta kati ya mawe.

Asubuhi hiyo tonton alimwita Kasoki mbele ya darasa.

"Hadidja alichafuliwa mbele ya watu," alikuwa amemwambia nyumbani. "Atasafishwa mbele ya watu."

Kasoki alieleza yote, tangu kopo mpaka uongo, macho yakiwa kwa Hadidja. Hakuna aliyecheka. Kisha mwalimu alisimama kando yake.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nilimushuku mutoto, na sikufungua kopo niangalie. Hadidja, unisamehe." Akawageukia wote. "Kuosha kopo lilikuwa kosa ya mikono. Kasoki angelisema siku ile ile, tungevuka mto siku ile ile, na samaki saba wangekuwa wazima. Lakini alinyamaza siku sita. Kunyamaza kumekula samaki tatu na jina ya mutoto ya watu. Samaki tutatafuta wengine. Jina haliuzwi ku soko yoyote, batoto. Ukiliharibu la mwenzako, rudisha wewe mwenyewe, na upesi."

Kisha akamwambia Kasoki akae. Hadidja alisogea kwenye dawati, akamwachia nafasi.