Nimeelewa

Ukumbi wa leseni ulikuwa umefurika watu, na soketi inayofanya kazi ilikuwa moja tu, ya matundu mawili, nyuma ya benchi la mwisho. Simu mbili nyeusi zilikuwa zimelala sakafuni pale, aina moja, kava moja, hata ufa wa pembeni unafanana. Fundi cherehani alisikia namba yake ikiitwa dirishani, akachomoa simu, akaitumbukiza mkobani, akaondoka mbio. Hakufika mbali.

"Dada! Dada mwenye gauni la njano! Unaondoka na mke wangu!"

Benchi zima liligeuka. Kijana mrefu, mwembamba kama fito, alikuwa anamfuata, shati lake la kazi la buluu likiwa na mifuko kila upande.

"Mke wako nani?"

"Huyo uliyemtia mkobani."

Aliitoa simu, akabonyeza. Kiooni palikuwa na picha ya mnara wa chuma uliochoma mawingu. Uso ulimwaka moto.

"Kha! Mtu mzima unalala na picha ya vyuma?"

"Ndiyo kazi yangu. Napanda minara ya simu. Ukisema haloo ukasikika, ujue mimi nimetoka jasho."

"Kumbe mbaya wangu ni wewe! Jana mtandao umenikatikia mara tatu naongea na mteja. Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe."

Siku hiyo wote wawili hawakupata leseni, kwa sababu zamu zao zilipita wakiwa bado wanacheka. Kuanzia hapo fundi alimwita kijana Mnara, na Mnara akamwita Chaji.

Miaka minne ilipita. Simu ni ile ile, ila mwenye shati la buluu alikuwa mbali. Kampuni ilimpeleka kujenga minara huko ambako barabara inaishia, na huu ulikuwa mwezi wake wa nane. Chaji alibaki na chumba kimoja, cherehani, pasi, na lile sanamu la kupimia nguo ambalo halikosi gauni jeupe la mtu. Kazi yake ilikuwa magauni ya harusi. Kila jioni alikula peke yake, akitazamana na bibi harusi asiye na kichwa.

Betri ya simu ilikuwa imevimba hadi kava likafumuka. Ikifika asilimia thelathini inazima yenyewe, haina hata aibu.

"Chaji wangu, nunua mpya bwana," Mnara alimbembeleza siku moja. "Juzi imezima umefika 'nakupe'. Wiki nzima nimekaa sijui ungemalizia nini."

"Ningesema nakupeleleza."

"Basi nunua upeleleze vizuri. Na mwisho wa mwezi nakuja, nitaikagua mwenyewe."

Akaenda dukani, duka la kampuni ile ile iliyotengeneza simu yake. Tangu simu yake ya kwanza hajawahi kushika ya kampuni nyingine, na muuzaji, msichana mwenye kucha ndefu zenye rangi ya zabibu, alipoiona ile ya zamani aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgonjwa.

"Dada yangu, hujawahi kutuhama?"

"Hata siku moja. Wenzangu wanasema nimeolewa na kampuni yenu."

"Basi leo tunakupa mume mpya."

Walizilaza mbili juu ya kaunta, zikahamishiana mambo kimya kimya. Chaji alikaa kwenye kiti kirefu akiangalia asilimia zikipanda.

"Kila kitu kimehamia?" aliuliza.

"Picha, namba, jumbe, daftari lako la oda. Isipokuwa maneno."

"Maneno gani tena?"

"Yale uliyoizoesha ukiandika. Ile ya zamani ilikujua, ukianza neno inalimalizia. Hii itakuzoea taratibu. Kwa sasa itabahatisha, inadokoa dokoa kwenye daftari lako la oda. Uwe unasoma kabla ya kutuma."

Nyumbani aliifungua. Nyepesi, inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja. Ile ya zamani, akigusa M tu, ilikuwa inamletea *Mnara*, halafu *umekula*, halafu alama ya kuuliza, bila yeye kuhangaika na herufi nyingine. Akagusa M. Simu mpya ikamletea *Mteja*. Akaifuata aone inakokwenda. *Mteja anaolewa Jumamosi.* Alicheka kwa sauti, na kicheko kikagonga ukuta kikamrudia. Hapakuwa na mwingine wa kukipokea.

Alijishonea gauni la kijani, mabega wazi, kiuno kimebana, akalitundika nyuma ya mlango lisubiri mwisho wa mwezi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo kujipima yeye mwenyewe.

Alhamisi mchana, mteja kasimama katikati ya chumba anapimwa, Chaji kabana pini mdomoni, simu ikalia.

*Chaji wangu, usinichukie. Mkataba umeongezwa miezi mitano. Siji mwisho wa mwezi. Nakuomba unielewe. Sema neno lolote.*

Aliangalia mlango. Gauni la kijani lilikuwa linaning'inia pale pale. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya matusi, lakini alichagua lile lenye baridi kuliko yote, neno ambalo mtu hulitumia anapotaka kukuonyesha kuwa hajaumia. *Nimeelewa.* Alilipiga upesi kwa kidole gumba, akatuma, akaifunika simu kifudifudi, akarudi kwenye kiuno cha mteja.

Mnara hakujibu.

Siku ya kwanza Chaji alisema Mnara anajinunisha. Ya tatu akasema labda mtandao. Ya sita alipiga, mara nne, na mara zote sauti ya yule mwanamke asiyechoka ikamwambia namba anayopiga haipatikani. Mtu ameomba neno, kapewa neno, kanyamaza! Aliufungua ule ujumbe mara kadhaa, lakini jicho lilipita juu juu, likisoma alichokusudia badala ya kilichoandikwa. Usiku wa watu wengine una mazungumzo. Wake ulikuwa na mlio wa friji ya jirani.

Siku ya kumi, dada yake Mnara, mwalimu wa shule ya msingi, aliingia bila hodi, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa blauzi.

"Hongera, wifi. Au nisikuite wifi tena?"

"Karibu, dada. Hongera ya nini?"

"Ananiuliza mimi!" Mwalimu alilizunguka sanamu. "Gauni lenyewe ndilo hili? Zuri. Na bwana yuko wapi, tumsalimie?"

"Bwana gani? Hebu kaa kwanza."

"Sikai kwa mwanaume nisiyemjua."

"Dada, nani kakwambia nimeolewa?"

"Wewe! Umemwandikia mdogo wangu kwa mkono wako. Neno moja, salamu hakuna, kwaheri hakuna. Mtu yuko juu angani ananing'inia kwa mkanda, unampelekea habari kama hiyo? Huna hata chembe ya huruma?"

Chaji alichukua simu. Alisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. *Nimeolewa.* O ilikuwa imekaa pale, mviringo, imetulia kama pete.

Akakaa chini, juu ya vipande vya satini.

"Nimeandika nimeelewa. Nimeelewa, wifi! Kwa e mbili mfululizo!"

Mwalimu alimnyang'anya simu, akasoma, midomo ikicheza kama anasahihisha daftari. Kisha akaziba mdomo, akacheka hadi akashika ukuta. Halafu kicheko kikamkauka ghafla.

"Ameshasaini," alisema.

"Amesaini nini?"

"Walikuwa wanatafuta mtu wa kituo cha mbali zaidi. Mwaka mmoja na nusu, hakuna likizo. Wenye wake zao wote walikataa. Yeye kasema hana anayemsubiri."

Mwalimu alikuwa na namba ya mlinzi wa kambi, aliyoitumia Mnara kumpigia. Walisubiri simu izungushwe kutoka mkono hadi mkono, hatua zikisikika kwenye kokoto, na mwisho upepo.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Mke wa mtu hapigi simu ovyo," alisema Mnara taratibu.

"Sijaolewa, mjinga wewe! Nimeelewa. Simu ndiyo imeniozesha!"

Kokoto zikalia, kama mtu amekaa chini ghafla.

"Rudia."

"Nimeelewa."

"Neno zima."

"Ni-me-e-le-wa. Umeniudhi, nimeshona gauni halijavaliwa, nimekununia mpaka shingo inauma. Lakini nimeelewa."

"Mimi sikuelewa," alisema Mnara, na sauti yake ikawa nyembamba.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nilikuwa juu. Nikashika simu nikupigie, nikaona ukinijibu kwa sauti yako mwenyewe, nitashindwa kushuka. Wewe je, hukunitafuta?"

"Nimepiga! Hukupatikana."

"Mnara wa huku ulikufa. Ndio nilikuwa nautengeneza, umewaka jana tu."

Wote wawili wakacheka, kicheko kibaya, cha watu waliochelewa.

"Futa saini," alisema Chaji.

"Haifutiki. Gari linaondoka kesho alfajiri. Kule hakuna mtandao, ndio tunaupeleka. Lakini nikiusimamisha mnara ule, simu ya kwanza itakayopita ni yako."

"Mwaka na nusu, Mnara."

"Najua, Chaji wangu. Najua."

Mwalimu alikuwa amegeukia dirishani, akijifanya anaangalia nje.

Asubuhi ujumbe uliingia Chaji akipasha pasi moto. *Tumefika kona ya mwisho yenye mtandao. Nikirudi nakuoa, hata kabla sijaoga. Umenielewa?*

Alipiga neno taratibu, herufi kwa herufi. Alipomaliza tu, simu ikalibadilisha mbele ya macho yake. *Nimeolewa.* Ile ya zamani, iliyolala kwenye droo ya vifungo, isingethubutu. Alipeleka kidole afute. Kidole kikasimama. Akaisoma ile O vizuri, mara mbili, kama muuzaji alivyomuusia. Kisha akatuma hivyo hivyo.

Ikatokea alama moja tu, ya kutoka. Ya pili, ya kufika, haikutokea. Alisubiri hadi kioo kikazima na kumwonyesha uso wake, kisha akarudi kwenye pindo la gauni la mteja wa Jumamosi.

Jioni alilishusha gauni la kijani, akalivaa, akafunga zipu mwenyewe kwa kujipinda. Akapakua chakula, akakaa mezani, akatazamana na bibi harusi asiye na kichwa. Simu ilikuwa pembeni ya sahani, uso juu. Alama ilikuwa bado moja.