Kaka Yangu Alimsikia Daktari, Akakana

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na ninawapikia wachimbaji chakula huku Geita. Ninayoyasimulia yalinitokea nyumbani kwetu, karibu na Mhunze, mkoani Shinyanga. Atakayeona namwaibisha ndugu yangu, na aone.

Mama alilazwa hospitali ya Shinyanga mjini kwa malaria kali. Wodini akachanganyikiwa... akawa anamwita muuguzi kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na kuvuta mashuka akisema anaanua pamba isilowe. Mimi na kaka yangu Masanja tulikuwepo daktari aliposema homa itapona, lakini mzee anayechanganyikiwa vile akiwa amelazwa, mara nyingi kumbukumbu huanza kumpotea baadaye. Alituomba tumwangalie kwa karibu. Masanja aliitikia kwa kichwa.

Haikupita masika moja, Mama akaanza kusalimu "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, jua likizama. Siku moja akaingia kwa jirani akidhani ni kwake, akaketi jikoni na kuchochea moto. Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani huyo akafa kwa homa. Mnajua kilichofuata? Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe makavu, ambayo amekuwa akipikia tangu kuni ziwe shida kwetu. Majirani wakasema ni macho ya mchawi. Na kwetu bibi akishaitwa hivyo, mapanga hufuata.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaita mkutano. Wanawake hatuitwi huko. Nikaingia hivyo hivyo, nikawaeleza maneno ya daktari, kisha nikamgeukia Masanja.

"Kaka, waambie ulichosikia wodini."

Akatazama chini. "Mimi sikusikia kitu."

Mtoto aliyenyonya ziwa la mama huyo huyo! Nililia, lakini sikupiga magoti. Niliwaambia hapo hakuna mchawi, kuna mgonjwa, na mgonjwa huyo ni wangu. Siku ile ile nikampandisha mama kwenye lori la pamba.

Leo yuko nami huku Geita. Wachimbaji wakija kula jioni, Mama huwasalimu mwangaluka, nao humwitikia, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Nimewaambia asiyemwitikia mama yangu hapati ugali.

Wasomaji wenzangu, daktari akiwaambia neno kama hilo kuhusu mzazi wenu, litangazeni kwa majirani mapema, wakiwa bado wanampenda. Msilibakize kwa watu wawili...

Masanja ametuma salamu, anataka kuja kumwona mama. Aje. Atamwitikia mwangaluka mbele ya watu wote, kisha atasema alichosikia.